Sakafu ya Nyumba ya Milimani: Ing'ae au Ishike Mguu?

MWENYE NYUMBA: Azma yangu, fundi, ni moja, wala sioni haja ya kuizungusha: nyumba nzima, tokea barazani hata bafuni, itandikwe kigae cha namna moja, cheupe, kikubwa cha sentimita 60 kwa 60, kinachong'aa hata taa ya darini ionekane ndani yake. Sababu ninazo. Hapa Lushoto tunaishi katika kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na tokea Juni hata Agosti ukungu hushuka kutoka msitu wa Magamba ukakaa juu ya mabati asubuhi nzima, watu wakawasha taa ilhali ni mchana. Basi sakafu yenye kung'aa huurudisha ule mwanga haba unaopita dirishani, na chumba kikachangamka. Fauka ya hayo, anayenunua namna moja hununua kwa jumla: mabaki ya sebuleni huziba upungufu wa jikoni, na kigae kikipasuka baada ya miaka, maboksi ya akiba yapo stoo. Nani atakayenionyesha kasoro katika hesabu hiyo?

FUNDI: Hesabu haina kasoro, mzee, ila umeihesabu nyumba kwa mita za mraba, nami naomba tuihesabu kwa kile kitakachomwagika katika kila chumba na kwa miguu itakayopita juu yake. Kigae kikavu, hata kiwe laini namna gani, aghalabu hushika kiatu vizuri. Balaa huanza pale kitu cha tatu kinapoingia baina ya kigae na unyayo. Maji yakimwagika juu ya uso laini hayana pa kukimbilia, hubaki utando mwembamba, na mguu huukanyaga utando ule badala ya kukanyaga kigae. Uso wenye chembechembe una ncha ndogo ndogo zinazoutoboa utando na kuufikia unyayo, na baina ya ncha hizo maji hupata nafasi ya kupita. Na huku kwetu maji hayaji peke yake. Masika ya Machi hadi Mei humrudisha mtu kutoka shambani na udongo mwekundu katika mabuti yake ya mpira, na udongo huo ni mfinyanzi, chembe zake laini mno. Ukilowa huteleza kuliko maji matupu. Kigae kinachomfaa mtu wa Mombo, penye joto na vumbi kavu, si lazima kimfae aliyepanda kilomita 33 za kona kuja kujenga ukunguni.

MWENYE NYUMBA: Sisi Washambaa tumezaliwa juu ya mteremko, fundi. Mama zetu wameshuka njia za Mtae na Mlalo katika mvua, mzigo kichwani na mtoto mgongoni, na nyumba walizotulelea zilikuwa na sakafu ya udongo uliopondwa. Wahenga wamekwisha kusema kwamba kuteleza si kuanguka. Leo tuje tuogope kigae kilichotandikwa sawasawa kwa pima maji, ndani ya nyumba yenye paa?

MUUGUZI MSTAAFU: Kwa kijana maneno ya wahenga ni kweli, jirani yangu, lakini kwa mtu mzima kuteleza na kuanguka ni jambo moja, kwa kuwa ule wepesi wa kujishika umekwisha kumtoka. Njiani mtu hutembea na hadhari yake. Hutazama aendako, huvishikiza vidole ardhini, hupunguza hatua. Nyumbani kwake hadhari ile huivua pamoja na viatu. Hutoka kitandani usiku, usingizi machoni, amevaa ndala ambazo soli zake zimekwisha kulika, akaingia bafuni alimomwaga maji mtoto jioni. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao ni watu wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na waliopita umri wa miaka 60 ndio wanaokufa kwa wingi. Mimi sikuyajua hayo kwa kusoma tu. Wazee niliowapokea wodini wamevunjika shingo ya mfupa wa paja hawakuanguka mlimani wakichanja kuni. Wengi waliangukia bafuni, na wengi alfajiri, wakitia udhu, mguu mmoja umeinuliwa unaoshwa na mwingine umebeba mwili mzima juu ya sakafu yenye sabuni. Mvunjiko ule humlaza mtu, na kulala huko huleta vidonda vya mgongo na homa ya mapafu. Mama yako mzazi atakaa humu. Umemhesabu katika maboksi yako?

MWENYE NYUMBA: Mama yangu nimemhesabu kabla ya yeyote, ndiyo maana nikamwuliza muuza duka kwa makusudi. Naye akanionyesha ubavuni mwa boksi: R9, na chini yake PEI 4. Akaniambia R9 ni daraja ya juu, na hiyo PEI ndiyo ithibati ya kwamba kigae hakitelezi. Basi nimefanya ihtiyati, au sikufanya?

FUNDI: Umeifanya kwa nia njema, mzee, lakini umeelekezwa vibaya, na hili linanikera, kwa sababu watu wengi hununua kwa maneno hayo hayo. PEI haihusiani na utelezi hata chembe; ni kipimo cha jinsi rangi na ung'aavu wa juu ya kigae unavyostahimili kulika kwa kukanyagwa, nacho huishia 5. Ama herufi ile R, asili yake ni kanuni ya Wajerumani iitwayo DIN 51130. Mtu huvaa buti, akasimama juu ya ubao uliotandikwa vigae na kumwagiwa mafuta ya mashine, ubao ukainuliwa kidogo kidogo huku anatembea, hata afike pembe ambayo hajiamini tena kupiga hatua. Pembe hiyo ndiyo daraja. R9 ni digrii 6 hadi 10. R10 huishia digrii 19. R11 hufika 27. R12 hufika 35. Na R13 huvuka hapo. Maana yake ni kwamba R9 ndiyo daraja ya mwisho kwa udogo, ilhali mnunuzi akisikia tisa hudhani amekaribia kumi. Na tena, mzee, kipimo hicho ni cha mtu mwenye buti. Kwa miguu mitupu Wajerumani walitunga kanuni nyingine, DIN 51097, ambayo hutumia maji ya sabuni, nayo ina daraja tatu: A ni digrii 12, B ni 18, C ni 24. Bafuni mwetu anaingia mtu mwenye buti?

MUUGUZI MSTAAFU: Basi jambo limekwisha. Nyumba nzima iwekwe R11, na bafuni C, tusibishane.

MKE: Halijaisha, dada yangu, na kwa hisani yenu nami nisikilizwe, maana mmesema nyote watatu na hapana aliyemwuliza mwenye kushika dekio. Ninyi mnazungumza habari ya kukanyaga; mimi nazungumza habari ya kusafisha, kazi ya kila siku ya Mungu. Nyumba ya wifi yangu huko Soni waliitandika vigae vya mparuzo jikoni, kwa shauri jema kama hili. Tambara la dekio linanasa, nyuzi zake zinabaki katika vijishimo. Udongo mwekundu ukikaa mle hautoki kwa maji, hutoka kwa brashi na magoti. Mafuta ya kukaangia yakidondoka huzama baina ya hizo ncha anazozisifu fundi, vumbi la mkaa na unga wa sembe hushuka juu yake, na baada ya miezi huwa utando wa rangi ya kahawia unaoteleza vibaya kuliko kigae laini nilichokizoea. Sasa nambieni: sakafu inayoshika mguu ikiwa safi, na isiyosafishika, inashika mguu kwa muda gani?

FUNDI: Mama, hapo umenigusa, wala siwezi kukujibu kwa mkato. Ni kweli kwamba nguvu ya ncha zile imo katika kubaki wazi. Zikizibwa na mafuta, kigae cha R11 chaweza kuwa hatari sawa na kile cha kung'aa, na pengine zaidi, kwa kuwa mtu amekiamini. Kwa hiyo sisemi R11 jikoni mwa nyumba ya kuishi. Daraja hiyo na za juu yake hasa ni za majiko makubwa, ambako sakafu humwagiwa maji ya moto na kusuguliwa kila jioni na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Jikoni kwako nasema R10 ya uso uliofifia, wenye punje laini unazozihisi kwa kiganja bila ya kuziona kwa jicho. Ile yenye michoro ya mifereji, inayoigiza mbao au mawe, nisingekushauri, maana ndiyo inayokula tambara.

MKE: Na punje hizo usizoziona kwa jicho, mafuta yatazikosa?

FUNDI: Hayatazikosa, lakini yatatoka kwa maji ya vuguvugu na sabuni, pasipo brashi.

MKE: Hayo ni maneno, fundi. Nitayasadiki nikiyaona.

MWENYE NYUMBA: Mwaona sasa jinsi mambo yanavyoniegemea? Kigae laini husafishika kwa mkupuo mmoja, na sakafu iliyokauka, kwa kauli ya fundi mwenyewe, haitelezi. Basi dawa ni kukausha. Nitanunua ule mpira wa kukokotea maji, nitatandika mkeka mlangoni na zulia dogo mbele ya bafu, na kama bado mna shaka nitabandika kanda za kukwaruza zinazouzwa kwa roli. Gharama ndogo, na sakafu yangu inabaki moja.

MUUGUZI MSTAAFU: Zulia dogo juu ya kigae laini, jirani, ni mtego wa pili juu ya wa kwanza. Ncha yake hukunjamana ikamkwaza anayeburura miguu, na lenyewe huteleza likaondoka na aliyelikanyaga. Wazee siku zote tukiwashauri, hayo mazulia madogo ndiyo ya kwanza tunayoomba yaondolewe. Na hiyo dawa ya kukausha humtegemea mtu mwingine awe macho saa tisa ya usiku.

FUNDI: Na kanda zile zafaa ngazini, penye pakavu. Bafuni maji hupenya chini ya gundi, pembe zikainuka, uchafu ukajibanza hapo, na baada ya muda kanda hubanduka ikaacha alama ya utepe isiyotoka. Ipo pia asidi ambayo watu humwagia vigae vilivyokwisha kutandikwa ili kuvikwaruza. Hula ung'aavu wote, kisha uso ule hunywa uchafu usitoke tena. Rai yangu ni kuchagua vyema kabla gundi haijachanganywa.

MWENYE NYUMBA: Haya, nisaidie kulichagua bafu peke yake. Lakini usiniambie niweke kile kigae cha mifereji ambacho mke wangu amekwisha kukihukumu.

FUNDI: Bafuni siweki cha mifereji. Naweka kigae kidogo, cha sentimita 5 au 10, kilichogundishwa juu ya wavu, kwa sababu mbili. Ya kwanza, kila kiungo cha grauti baina ya kigae na kigae ni ukingo unaoushika unyayo mtupu, na katika kigae kidogo viungo ni vingi. Ya pili, na hii mafundi wengi huipuuza, bafu lapaswa kuinama kuelekea kwenye tundu la maji, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na kigae kikubwa cha 60 hakipindi kufuata mwinamo wa pande nne. Ama utakikata vipande, ama utakitandika bapa, na maji yatatuama. Maji yaliyotuama huota utelezi wa kijani, na juu ya utelezi wa kijani hapana daraja, ya A wala ya C, itakayomwokoa mtu.

MKE: Na katika hivyo viungo vingi je, kuvu haioti? Hapa kwetu Julai nguo hukaa kambani siku tatu hazikauki. Grauti nyeupe huwa nyeusi kabla mwaka haujageuka. Nitapiga magoti jikoni, kisha niende nikapige magoti bafuni?

FUNDI: Ipo grauti ya epoksi isiyonywa maji, kuvu haishiki kwa urahisi. Bei yake ni kubwa, na hukauka upesi mno mikononi mwa asiyeizoea.

MWENYE NYUMBA: Bei tena!

FUNDI: Kwa bafu moja, mzee, ni mkoba mmoja au miwili. Na ukiniruhusu dirisha la bafu niliongeze upana, hewa itafanya nusu ya kazi hiyo bure.

MKE: Dirisha liongezwe. Hilo nalikubali bila ya kungoja. Viungo navyo nitavivumilia bafuni, kwa ajili ya mama, maana hata mimi nimemwona anavyojishika ukutani. Na ukutani hapo awekewe mshikio wa chuma.

MUUGUZI MSTAAFU: Mishikio iwe miwili, mmoja kando ya choo, kwa kuwa choo cha kuchuchumaa ndicho kinachowashinda wenye magoti mabovu, kuinuka zaidi kuliko kushuka. Lakini bado sijaridhika na sebule. Mgeni huingia na viatu vilivyolowa. Mnaniambia pale ing'ae?

MKE: Sebule ing'ae, dada yangu. Hapo niko na mume wangu. Nyumba hii tumeijenga kwa miaka, tofali baada ya tofali, na mgeni akiingia nataka auone mwanga. Sebuleni hapamwagiki mafuta wala sabuni, na chai ikimwagika hufutwa papo hapo kwa kuwa watu wamekaa wanaona.

MUUGUZI MSTAAFU: Na udongo wa masika?

FUNDI: Udongo uishie nje. Baraza lipewe upana wa kutosha mtu kusimama, kuvua mabuti na kufuta miguu kabla hajavuka mlango, kisha ndani ya mlango, kadiri ya hatua mbili, pawekwe kigae kilichofifia kabla haujaanza ung'aavu. Ama barazani penyewe, mzee, nitasema neno litakalopunguza ujira wangu: usiweke kigae kabisa. Mimina zege, lisawazishe, na kabla halijakauka lipitishwe ufagio mgumu kukata mwelekeo wa miguu. Saruji iliyopigwa ufagio hushika mguu penye matope kuliko vigae vingi vya dukani, na ikichoka hufanyiwa upya kwa mfuko mmoja.

MWENYE NYUMBA: Saruji tupu barazani! Watu wanaopita njia ya Irente waseme fedha zilimwishia mlangoni?

MUUGUZI MSTAAFU: Heri waseme hivyo kuliko waje kukupa pole.

MWENYE NYUMBA: Nalitafakari. Lakini fundi, umekwisha kunigawia nyumba mafungu manne: saruji barazani, kilichofifia mlangoni na jikoni, cha kung'aa sebuleni, kidogo bafuni. Vigae hivi havina unene mmoja. Nimeona nyumba nyingine, kila mlango una kikuta cha milimita kadhaa ambapo namna moja hukutana na nyingine, na watu hujikwaa hapo hapo. Mtaniondolea utelezi mniletee kizingiti?

FUNDI: Swali lako ni la mtu aliyetazama kwa makini, na ni kweli mafundi wa haraka hukiacha kikuta kile. Tofauti ya milimita mbili tatu husawazishwa kwa unene wa gundi chini ya kigae chembamba, ila yafaa ijulikane kabla ya kutandika kigae cha kwanza. Ndiyo sababu nataka vigae vyote viwe vimefika hapa kabla sijaanza. Bafu, kinyume chake, lishuke kidogo chini ya ukumbi ili maji yasitoke, na hapo pawekwe mstari wa rangi nyingine, mwenye macho hafifu auone. Ama kupatikana, viwanda vya Mkuranga na Chalinze hutengeneza vigae humu humu nchini, na dukani hupatikana vya ukubwa ule ule, vya kung'aa na vilivyofifia, kwa hiyo lori moja litakalopanda kutoka Mombo litakuletea vyote.

MWENYE NYUMBA: Na nikifika dukani, boksi likawa halina herufi yoyote, nimwamini nani?

FUNDI: Uuamini mguu wako. Omba kigae kimoja kiwekwe chini, kimwagiwe maji, kitiwe matone ya sabuni, nawe ukikanyage kwa kisigino, umevaa ndala unazovaa nyumbani, huku umeshika meza. Muuza duka atakayekukatalia maji ya nusu kikombe, mwache, uende kwa mwenziwe. Na usikipime kikavu, maana vikavu vyote vitakupendeza.

MUUGUZI MSTAAFU: Nami naomba mama achukuliwe akakanyage yeye mwenyewe, ashikwe mkono. Miguu yenu nyote si kipimo chake.

MWENYE NYUMBA: Bafu nimekubali. Mlango nimekubali. Baraza nitalala nalo nilifikirie. Sebule imebaki yangu. Jikoni ndipo sijui nimsikilize nani, kwa kuwa fundi ananiambia laini itamwangusha mke wangu na yeye ananiambia ya kukwaruza itamwua kwa kazi.

MKE: Jikoni msipanunulie kitu. Fundi aniletee vigae viwili tu, kimoja cha kung'aa na kimoja hicho cha R10 anachokisifu, avilaze chini kando ya jiko juu ya mchanga, bila ya gundi. Nitapika juu yake mwezi mzima, nikaange, nimwage, nideki kwa tambara langu na maji yangu, kisha nimwite anikute na sufuria mkononi. Mpaka siku hiyo sakafu ya jikoni ibaki saruji.